Adelfina na Jina Lililotolewa Nje

Asubuhi ile Adelfina alisimama katikati ya ua, mkono mmoja kiunoni, akaita kwa sauti ya kufika bondeni.

"Minani! Minani ee!"

Minani alikuwa karibu yake tu, amekaa kwenye kigoda, anakaza mpini wa panga.

"Niko hapa. Unamwita nani?"

"Nyamaza wewe. Nafanya mazoezi."

"Majirani watasema tumepoteza mbuzi."

"Mbuzi gani anaitwa Minani? Labda beberu."

Alicheka mwenyewe, akarudi kwenye karai la ndizi alizokuwa anamenya. Akasema neno moja zaidi. Minani akatikisa kichwa, akachukua panga, akashuka kukata majani ya migomba. Majani yalikuwa ya kufunikia mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi. Jumapili palikuwa na shughuli hapo nyumbani. Jina lilikuwa linatolewa nje.

Halikuwa jina la mtoto. Lilikuwa jina la mtandaoni.

Habari hiyo ililetwa na Priscila, binti yao anayefanya kazi za kompyuta Dodoma. Alipiga simu wakati wa kuvuna maharage.

"Mama, anwani za mtandao zina mkia. Inakuja nukta, halafu zile herufi za mwisho. Sasa wanaosimamia majina ya dunia nzima wamefungua dirisha, watu waombe mikia mipya. Chama chetu cha Wahangaza wa mijini kinaomba mkia wa hangaza."

"Mkia. Ninyi mmesoma mpaka mmefika kwenye mikia."

"Basi chukulia ni kilima, mama. Anayepewa kilima ndiye anayegawa viwanja. Anaandika nani yuko wapi, anahakikisha wawili hawapewi kiwanja kimoja, na mitambo yake hailali. Kila atakayejenga pale, anwani yake itaishia kwa jina letu."

Adelfina aliacha utani. Kwake hilo lilikuwa jambo la nadra.

"Na wajukuu zangu watajenga hapo?"

"Wakitaka."

"Kwa lugha gani?"

"Hata Kihangaza, mama. Ndiyo maana tunaomba."

Hapo ndipo alipokamatika. Wajukuu walikuja kila likizo, wakamwamkia kwa Kiswahili kizuri, shikamoo bibi. Alipoanza kusali kwa Kihangaza walitazamana wakacheka. Hakuwahi kuwakemea. Lakini Minani alimwona: wakishaondoka, alifagia ua polepole kuliko siku nyingine, kama mtu asiyetaka kufuta nyayo.

Ada na mitambo vilikuwa juu ya chama. Kazi ya Adelfina ilikuwa wazee. Waombaji walitakiwa kuonyesha kwamba wenye lugha wenyewe wameridhia, kwa barua. Na Adelfina alikuwa mwenyekiti wa jumuiya pale Mbuba, mwanamke wa kubisha hodi hata kwa waliogombana naye. Alimaliza Mbuba, akapanda bodaboda kwenda Murusagamba. Minani alikaa nyuma yake, amekumbatia kibuyu cha rubisi.

Kule alikuwapo mzee Niyomugabo. Yeye asiporidhia, wazee wa upande ule hawaridhii.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja na mume au na mzigo? Mbona hasemi?"

"Ni mume. Maneno yake nayasema mimi."

Niyomugabo alisikiliza habari ya kilima mpaka mwisho. Akavuta mrija, akafuta mdomo.

"Huyo mtoto mnayempa jina letu, nani amemwona?"

"Bado hajazaliwa, mzee. Anaombewa."

"Vizuri. Tunaridhia. Lakini jina lisiandikwe."

Katika koo zile ndiyo ilikuwa desturi. Jina la mtoto halitamkwi kabla hajatolewa nje na kuitwa kwa sauti, mbele ya wazee na mtungi. Ukilitamka mapema, umelitupa. Kwa hiyo Gidioni, katibu wa jumuiya, aliandika barua zote namna hiyo, wazee wakatia dole gumba, Adelfina akazituma Dodoma akiwa na furaha yake.

Priscila akapiga simu.

"Mama! Barua zote zinasema 'tunaridhia jina lile.' Jina lipi?"

"Lile tunalolijua."

"Wasomaji wake hawalijui! Wako ng'ambo! Barua isipotaja jina ni kama haipo. Na dirisha linafungwa mwezi wa nane."

Adelfina hakukasirika. Aliweka simu chini akamtazama mumewe.

"Basi tumtoe nje huyo mtoto. Nitamwita mimi."

Ndiyo maana alikuwa anafanya mazoezi asubuhi ile. Na kwa kuwa jina lenyewe lilikuwa halijaruhusiwa kutamkwa, aliita la mumewe.

Minani aliporudi na majani alimkuta amelala ubavu kando ya karai, kisu bado mkononi. Alidhani anaokota kitu. Alisimama hapo kidogo, anangoja ainuke.

Presha, walisema hospitali.

Rubisi ya jina ilinywewa msibani.

Wiki zikapita. Priscila alibaki nyumbani, haulizi kitu, lakini kila siku anatazama tarehe kwenye simu. Nyumba yenye msiba haitoi mtoto nje. Minani alilijua hilo. Alijua pia kwamba dirisha likifungwa, safari zote za Adelfina zimekwenda bure, na wajukuu wataendelea kucheka.

Alipanda bodaboda peke yake mpaka Murusagamba.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe una sauti," alisema Niyomugabo. Halafu akaona macho ya mwenzake, akaacha utani. "Sema."

"Mtoto yuko ndani. Mama yake hayupo."

Niyomugabo aliweka mrija chini.

"Basi akae ndani mpaka afe? Atolewe. Lakini nani atamwita?"

"Mimi."

"Wewe? Kikohozi chako chenyewe hakisikiki."

Wazee walikuja Mbuba. Mtungi ukawekwa katikati ya ua, mirija ikasimama. Priscila aliingia ndani na kufunga mlango, maana katika koo zao aliye ndani huitika kwa niaba ya mtoto. Minani akasimama pale Adelfina aliposimama. Alifungua mdomo. Kikatoka kitu chembamba.

"Tumesikia kifaranga," alisema Niyomugabo. Watu wakacheka, hata waliokuwa na machozi.

Minani hakucheka. Aliweka mkono kiunoni, akainua kidevu, kama alivyomwona Adelfina.

"Hangaza! Hangaza ee!"

Sauti ilishuka bondeni ikapanda upande wa pili. Kutoka ndani, mtu akaitika:

"Niko hapa!"

Ilikuwa sauti ya Adelfina, kabisa. Minani alishika ukingo wa mtungi, hakuuachia mpaka Priscila alipofungua mlango akatokea yeye.

Walikunywa. Gidioni akaandika barua upya, safari hii na jina ndani yake, madole gumba yakapigwa tena. Maombi yalitumwa dirisha likiwa bado wazi. Majibu bado. Priscila alisema yatachukua muda mrefu, kuna wa kukagua na kuna wa kupinga, na huenda wakanyimwa.

"Tukipewa, baba, kiwanja cha kwanza ni cha mama. Jina lake mbele, letu mwishoni."

"Ngojeni kwanza," alisema Minani.

Priscila amerudi Dodoma. Jioni Minani hukaa kwenye kigoda, uso ameuelekeza uani. Watu wakipita humsalimu. Watoto wao humwita babu. Wakubwa humwita baba Priscila, Gidioni humwita mzee. Wanawake wengi wa rika la Adelfina waliwaita waume zao kwa majina ya watoto, lakini yeye tangu usichana alikataa. Alimwita Minani, mbele ya padri, mbele ya wakwe. Sasa jina hilo haliitwi tena na mtu. Kiza kikianza kuingia, yeye hugeuza kichwa kidogo upande wa karai, kama aliyeahidiwa kitu.

Maana asubuhi ile, kabla hajachukua panga, Adelfina alimwambia hivi, kisu kikiwa kwenye ndizi, bila kuinua macho:

"Nimeliazima tu jina lako, Minani. Jioni nitakurudishia."