Mizabibu Iliyogeuka Njano Karibu na Kibos

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa wa Kilimo wa Wilaya alinikabidhi bomba la dawa kisha akaniambia, "Ochieng', hili utalibeba mgongoni, lakini kazi yenyewe iko machoni. Mmea ukiugua, uangalie kwanza."

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mchanga. Nilikuwa nimetoka mafunzoni Maseno, na pale Kisumu tulishughulika na mahindi, pamba na miwa. Zabibu nilikuwa nimezisikia kanisani tu. Ndiyo maana nilishangaa nilipotumwa kwa Mama Akinyi, mjane aliyeishi karibu na Kibos. Marehemu mumewe alikuwa mfanyakazi wa reli, na safari moja alirudi na vipande vya mizabibu kutoka Dodoma. Sasa mizabibu ilikuwa inadhoofika, na shemeji ya mama, Mzee Oduor, alitaka ing'olewe apande miwa.

"Mwanangu," Mama Akinyi aliniambia, "mume wangu aliniachia watoto na hii mimea. Ikifa, nitamwambia nini?"

Nilianza na nilichokijua. Majani yalikuwa na ukungu, unga mweupe kama wa muhogo, nao niliudhibiti kwa kunyunyiza salfa asubuhi, kwa maana ukiinyunyiza jua likiwa kali inaunguza majani. Kwenye vikonyo kulikuwa na wadudu weupe kama pamba, wanaofyonza utomvu huku sisimizi wakiwalinda kwa ajili ya majimaji matamu wanayoyatoa. Nilizungushia shina kitambaa chenye grisi, sisimizi wakashindwa kupanda, na bila walinzi wale wadudu wakaliwa na wadudu wengine. Hata hivyo majani machanga yaliendelea kuwa njano, mishipa yake tu ikibaki kijani.

"Nilisema," Mzee Oduor alinung'unika. "Mvua ikianza, nang'oa."

Nilirudi ofisini nikaomba msaada. Akaja mtaalamu wa udongo, mama mwembamba tuliyemwita Madam. Alichimba udongo mweusi karibu na shina, akaudondoshea siki. Udongo ukatoa povu.

"Hii ni chokaa," alisema. "Chuma kimo humu ardhini, ila chokaa imekifunga, mizizi haikipati. Jani changa likigeuka njano hivi, linalilia chuma."

Mzee Oduor akacheka. "Madam, mti unakula chuma? Nilete jembe niuchemshie?"

Madam aliyeyusha chumvi ya chuma kidogo majini, akaongeza sabuni ili maji yashike, akachukua brashi ndogo na kupaka jani moja, upande mmoja tu. Akafunga uzi kwenye kikonyo chake. "Tutarudi wiki ijayo."

Tuliporudi, Mama Akinyi alikuwa amesimama mbele ya lile jani, mkono mdomoni. Upande uliopakwa ulikuwa kijani kibichi, na ule mwingine njano vilevile. Palipopita brashi palionekana wazi, hata pale ilipoteleza.

"Yawa!" Mama Akinyi alinong'ona kwa mshangao. "Kumbe ilikuwa na njaa tu."

Mzee Oduor aliligeuza jani lile huku na huku. Kisha akanyoosha mkono. "Madam, nipe hiyo brashi. Nijaribu na mimi."

Miwa haikupandwa pale. Tulinyunyizia mizabibu yote maji yale ya chuma, tukarudia kila majani mapya yalipotoka, tukaweka samadi iliyooza vizuri na kuchimba mitaro ili maji yasituame. Msimu uliofuata ikazaa.

Baadaye nilihamishwa Homa Bay, kisha Siaya, chini ya wakubwa wengi, wapole na wakali. Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kazi ile ilinipa nini. Huwa nawasimulia Jumapili ile Mama Akinyi alipopeleka vishada vya kwanza kanisani. Mwalimu wa dini, mzee aliyekuwa amesoma habari za mzabibu maisha yake yote bila kuuona, alipokea kishada kwa mikono miwili. Akatia tunda moja mdomoni, akafumba macho, akatafuna polepole. Machozi yakamtoka.

"Ndugu zangu," alisema, "kumbe zabibu ina mbegu."

Tukasimama, tukapanga mstari, kila mtu akaonja moja.