Mchana Mmoja Niliomuahidi Mize

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya vilivyonibana, na Mkuu wa Kaunta hakunipa kiti. Ofisi yetu ya safari ilikuwa Deira, hatua chache kutoka gati la majahazi, na wateja waliingia na vumbi la magunia mabegani. Mkuu wa Kaunta alikuwa mama wa Kimombasa mwenye sauti ya kupangisha watu foleni. Akaniambia, "Wewe binti wa Kiunguja, mwezi huu utasikiliza tu. Tiketi haikatwi kwa mkono, inakatwa kwa masikio." Nilidhani ananichezea. Wiki haikwisha nikamwelewa: mteja husema anataka kufika Dar Jumatatu, ukimwacha aendelee kuzungumza utagundua harusi yenyewe ni Jumapili.

Mimi nimezaliwa hapa hapa Dubai. Wazee wangu walitoka Unguja, na nyumbani tulisema Kiunguja hata tukigombana. Ndiyo sababu niliajiriwa. Nyinyi vijana mnaopanga safari kwa kidole huku mnakunywa chai ya karak mnaniona wa kale, na sikatai, lakini ile ilikuwa kazi ya kukaa na mtu uso kwa uso.

Kutoka Deira nilihamishiwa Ras Al Khor, tawi dogo katikati ya maghala ya vipuri vya magari. Wateja walikuwa Waganda na Wakenya waliokuja kununua injini na milango, watu wa haraka, mikono ina grisi. Hapo nilijifunza kushika nafasi, yaani kuzuia kiti cha ndege siku mbili tatu kabla mteja hajalipa. Msimamizi wa tawi, Mmisri mpole, alinifundisha jambo lingine. "Mteja usimwambie hapana," alisema. "Mwambie inshallah, halafu tafuta njia." Somo hilo nililishika vizuri kupita kiasi.

Miaka yangu ya mwisho ilikuwa Al Jaddaf, Idara ya Likizo. Kazi yetu kubwa ilikuwa likizo za visiwani za miezi ya baridi. Tulianza kuzipanga joto la Dubai likiwa bado linachoma, maana hoteli nzuri za Desemba hujaa mapema. Familia za Kizungu zilizokuwa zikiishi hapa hazikutaka kurudi kwao kwenye theluji. Ziliwaita wazee wao wazikute Unguja kwenye jua. Nilijua vyumba gani vina mlango wa kati kwa ajili ya watoto. Nilijua kuwaambia wasiende mapema mno, vuli ikawanyeshea. Niliandika vocha, ile karatasi inayoonyesha hoteli imeshalipwa, na niliandika ratiba, siku kwa siku. Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu nilimwambia kwamba kwenye ratiba siku ya mwisho haihesabiwi. Saa nne vyumba vinatakiwa, mizigo iko mlangoni, mtoto mmoja analia, gari linasubiri. Siku hiyo usimpangie mtu kitu anachokitaka kwa moyo.

Meneja wa Likizo alikuwa bwana nadhifu wa suti ileile ya kijivu miaka yote. Kauli yake ilikuwa moja: "Tunapanga safari ya anayelipa. Mtumishi hana mstari wake kwenye ratiba."

Mwaka mmoja, madam mmoja alikuja kupanga safari ya siku saba, kaskazini mwa Unguja. Yeye, sir mumewe, watoto wawili, wazazi wa sir kutoka Ulaya, na yaya wao. Yaya alikuwa amembeba mdogo. Madam alipotoka nje kupokea simu, yule msichana alinisogelea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Donge. Naitwa Mize."

Moyo wangu ulifurahi kama nimekutana na ndugu. Hoteli niliyoichagua ilikuwa si mbali na Donge, chini ya saa moja kwa gari.

"Bibi, miaka sita sijamuona mama," alisema kwa sauti ya chini. "Mkataba wa kwanza ulipokwisha nilibadilisha arbab, nikaingia kwa mwajiri mwingine moja kwa moja. Wa pili ulipokwisha, madam alikuwa amejifungua. Mama hasikii tena. Nikipiga simu, jirani ndiye anayemwambia kwa ishara kwamba ni mimi. Nataka anishike tu. Mchana mmoja. Nimwombe madam?"

"Usimwambie kitu," nilimjibu. "Niachie mimi. Siku ya nne nimeiacha huru, watoto watakuwa na babu na bibi yao. Nitazungumza naye mwenyewe."

Nilisema hivyo kwa sababu nilijiona mkubwa. Nilitaka kuwa mtu wa kwao mwenye uwezo.

Baada ya siku chache madam alipiga simu. Alikuwa amesoma kwamba siku ya nne maji yatakupwa sana na fungu la mchanga litatokeza katikati ya bahari. Alitaka mashua, na Mize aende kuwaangalia watoto. Sentensi niliyopaswa kusema ilikuwa fupi: madam, mama yake Mize anakaa karibu na hoteli. Nilikuwa nayo mdomoni. Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake, na mimi nilikuwa natazamia kupandishwa cheo mwaka ule. Nikasema, "Sure, madam." Mashua ikaingia siku ya nne. Mapumziko nikayasukuma hadi siku ya saba, siku ile ile niliyowakataza wanafunzi wangu.

Nilimtumia Mize ujumbe wa sauti: "Nimeihamisha tu, mwanangu. Ipo. Siku ya saba."

Akanijibu, "Ahsante bibi, Mungu akulipe."

Nilijua. Nataka msomaji aelewe hapo, sikukosea hesabu wala sikusahau. Nilijua haitatokea.

Siku ya saba saa nne vyumba vikatakiwa. Wazee walikuwa na ndege ya alasiri, mtoto mdogo aliamka na homa, na Mize akashinda amemlaza mapajani. Kule Donge majirani walikuwa wamempelekea habari mama yake. Walimwogesha, wakamvisha kanga mpya, wakamkalisha barazani tangu asubuhi. Gari la hoteli lilishuka kwenda uwanja wa ndege likapita karibu na kwao.

Haya alinisimulia mwenyewe, Ijumaa moja alipopata ruhusa, amekaa pale pale kwenye kiti cha wateja. Aliniletea pakiti ya karafuu ya dukani, ya uwanja wa ndege. "Si kosa lako, bibi," alisema. "Siku iliisha mapema." Nami nikamwambia, "Pole mwanangu, safari ndivyo zilivyo." Mama yake alifariki kabla ya mkataba kwisha.

Nilipostaafu walinifanyia sherehe ndogo, Meneja akasema sijawahi kumpoteza mteja hata mmoja. Ni kweli. Nilipigiwa makofi na nikala keki. Kazi ile ilinipa maisha mazuri na siwezi kuitukana, lakini nikiulizwa ninachokijutia sitaji hoteli iliyovuja wala ndege iliyoachwa.

Tangu msiba ule Mize ananiita mama. Kila Ijumaa hunipigia kuuliza nimekula nini, goti linaendeleaje, nami nimeyapokea mapenzi hayo miaka yote nikiona haya. Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia. Nilimweleza yote: simu ya madam, kikombe cha Meneja, cheo nilichokuwa nakitazamia, na kwamba niliposema ipo nilijua haipo.

Nyuma yake nilisikia watoto wa watu wakicheza.

"Yule madam hakuwa mbaya," Mize alisema. "Ningemwomba mwenyewe, angenipa. Nilikaa kimya siku zote saba kwa sababu uliniambia nikuachie wewe."

Kisha akaniaga, na safari hii akaniita bibi.