Tabasamu la Kupokea Posa

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikaenda kuuza bolti mtaa wa Gerezani, Kariakoo, na wadogo zangu nimewakuza mwenyewe. Kwa hiyo posa ya mdogo wangu Mwanaidi ilikuwa inaletwa kwangu. Sikutaka kuwapokea wakwe na pengo la meno mawili mbele, nikaenda asubuhi ya siku ya posa kupandikizwa mengine, kliniki moja karibu na Msimbazi.

Nisiwafiche, naogopa sindano. Daktari alinieleza kila hatua, mimi nimefumba macho na kung'ang'ania kiti, najibu tu, "Nimeelewa, daktari." Aliposema, "Tumemaliza kwa leo, kaka," nikaruka chini. Mdomo ulikuwa umekufa ganzi, lakini sikuwa na shaka kwamba meno yapo.

Njia nzima ya Kariakoo niliwachekea wabeba mizigo na wamachinga. Walinikodolea macho, nami nikajua wanavutiwa.

Wageni walipoketi sebuleni, nikatabasamu hadi magego. Mama wa bwana harusi akashika kifua. Mwanaidi akaninong'oneza, "Kaka, meno yako wapi?"

"Si haya!" Nikayagusa. Kidole kikatoka na damu.

Mwanaidi akapiga simu kliniki, akaweka spika kwa kiherehere.

"Leo tumemwekea skrubu tu, dada. Meno ni baada ya miezi, mfupa ukishashika. Mbona alisema ameelewa?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mama wa bwana harusi akajifuta machozi kwa mtandio.

"Haya baba, kwa tabasamu hilo posa umeshaipokea. Sasa harusi tungoje meno, au tuje hivyohivyo?"