Chura Namba 217

Tarehe 9 Juni 2014, Sanangke Mumure alitia sahihi ukurasa wa 31 wa daftari la timu inayohesabu vyura, mijusi na nyoka katika milima ya Saruwaged, Papua Guinea Mpya. Mbele ya namba 217, kwa mwandiko wake mwenyewe, aliandika: "Alitoroka. Mfuko haukufungwa vizuri."

Hakutoroka.

Sanangke ana miaka arobaini na minne na anaishi Kumbip, kijiji cha mwisho kabla msitu haujaanza. Timu ilimwajiri kwanza kama mkata njia. Msimu wa pili Dk. Geua Morea, mtafiti kutoka pwani ya Port Moresby, alimnyang'anya panga akampa mifuko ya kitambaa, kwa kuwa aligundua kwamba Sanangke humsikia chura aliye chini ya udongo na kutia mkono palepale alipo. Vyura wengi wa huko juu hawana viluwiluwi. Hutaga chini ya majani yaliyooza, na mtoto hutoka ndani ya yai akiwa chura kamili. Ukikaa mtoni kuwasubiri utarudi mikono mitupu. Sanangke husikiliza akiwa amefumba macho na kuachama kinywa. Wenzake humcheka, kisha huchimba anapoonyesha.

Namba 217 alipatikana Jumamosi asubuhi, mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, chini ya mizizi, baada ya Sanangke kuzamisha mkono hadi kwapani. Alikuwa na ukubwa wa ngumi ya mtu mzima, rangi ya kahawa, na mstari wa njano kuzunguka macho. Dk. Geua alimgeuza mara tatu.

"Huyu simjui," alisema.

Yeye ana miaka kumi na tisa katika kazi hiyo. Aliagiza chura awekwe hai hadi Jumatatu, ili apigwe picha kwenye mwanga mzuri na sauti yake irekodiwe.

Wanyama hai, wakiwa mifukoni, walitundikwa katika chumba cha nyuma cha nyumba ya Sanangke, kwa sababu iko karibu na kijito na haipati joto mchana kutwa. Aliyefunga mifuko ni Yasing, mjane mwenye watoto wawili, mwanamke wa kwanza wa Kumbip kuajiriwa na timu. Alikunja shingo ya mfuko, akapiga fundo, akapiga la pili.

Jumapili, baada ya ibada, baba mkwe wa Sanangke aliingia bila taarifa. Anaitwa Gomin, na anakaa ng'ambo ya mto, mwendo wa saa nne.

"Baba, umetembea na jua lote hili?" aliuliza Zikere, mke wa Sanangke.

"Nimetoka na njaa, mwanangu. Jua nimelikuta njiani."

Kumbip mkwe halishwi viazi vitamu vitupu. Lazima kuwe na kitu chenye mfupa. Lakini ndege haikuwa imetua kwenye kiwanja cha nyasi kwa wiki tatu, dukani hapakuwa na samaki wa kopo, na kuku wawili wa nyumba hiyo walikuwa wameshauzwa kwa timu yenyewe. Isitoshe, safari iliyopita Gomin alikula viazi na majani, akarudi kwao akahadithia. Kwa mkwe wangu, alisema, unatafuna kiazi huku ukinusa moshi wa jirani. Maneno hayo yalimfikia Sanangke kabla ya wiki kwisha.

"Kuna nini?" alimnong'oneza mkewe jikoni.

"Viazi. Na majani ya maboga."

"Na nini?"

"Na aibu yako."

Sanangke alifungua mifuko miwili ya vyura wa kijitoni, wale ambao kila mtu kijijini amewala tangu utotoni. Walikuwa wanne, kila mmoja kama kidole gumba.

"Hao si wa Daktari?" aliuliza Zikere.

"Hao wako tele."

Zikere aliwafunga kwenye majani akawachoma. Gomin aliitazama sahani.

"Hawa ni vyura," aliuliza, "au ni picha za vyura?"

Akacheka peke yake. Sanangke aliinuka akaenda chumba cha nyuma.

"Siwezi kusema sikujua," anasema sasa. "Niliyafungua mafundo yote mawili. Nikasoma kibandiko: 217. Nikakitia mfukoni mwa suruali." Alijiambia kwamba mwingine atapatikana, mlio ule aliusikia mahali patatu. Timu ilibakiwa na siku kumi na moja. Ilichimba pote patatu na kufukia ndoo thelathini za mtego ardhini, na asubuhi zote kumi na moja ndoo zilikuwa na mijusi, vyura wadogo na maji ya mvua.

Jumapili ile Gomin alimla chura huyo hadi mwisho. Alifuta vidole, akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje: "Sasa leo nimekula kwa mkwe wangu."

Jumatatu Dk. Geua aliushika mfuko mtupu.

"Huu alifunga nani?"

Sanangke angeweza kunyamaza. "Yasing," alisema.

"Mimi napiga mafundo mawili, Daktari," alisema Yasing. "Mawili. Muulize kaka huyu, alikuwepo."

Sanangke alitazama kijito. "Labda moja lililegea, dada."

Yasing aliondolewa kwenye mifuko akapewa kubeba masufuria. Wanaume walimwambia afunge vizuri sketi yake isije ikatoroka nayo. Mwaka uliofuata jina lake halikuwa kwenye orodha ya kazi. Kijijini walimwita Fundo Moja. Hata watoto waliokuwa wakipita shambani kwake waliliita jina hilo wakikimbia.

Sanangke hakusema neno kwa miaka miwili, na sababu yake kila mtu wa Kumbip angeielewa. Huko mwanamume hatamki jina la baba mkwe wake. Kutamka ni tusi. Kumwaibisha mbele za watu, kwamba alilishwa kitu kisicho cha mwenye nyumba, ni zaidi ya tusi. Kwa hiyo ilimlazimu kumwangusha mmoja wa watu wawili, akamchagua mjane.

Timu ilirudi mwezi uliopita. Alhamisi ya wiki iliyopita kijiji kilikutana uwanjani mbele ya kanisa kuchagua wafanyakazi. Gomin naye alikuwepo, amekuja kuombea kazi wapagazi wa ng'ambo. Mtu mmoja alilitaja jina la Yasing.

"Labda kama wanyama wenyewe wameahidi kutotoka!" alisema mwingine, na uwanja mzima ukacheka.

Sanangke alisimama. "Mafundo yalikuwa mawili," alisema.

Kicheko kilipungua.

"Niliyafungua mimi. Yule chura aliliwa nyumbani kwangu."

"Na nani?" aliuliza mtu wa nyuma.

"Na mgeni wangu."

Haikuwachukua muda kujua ni mgeni gani. Gomin aliinuka polepole.

"Ulinilisha kitu cha watu?"

"Ndiyo, mzee."

"Na ukaniacha nikisifu."

Gomin alichukua mfuko wake wa kusuka, akauning'iniza begani, akashika njia ya mtoni.

"Ladha yake je?" alidakia mtu. Safari hii hakuna aliyecheka.

Dk. Geua aliulizia kitu kimoja, ambacho bado kingeweza kumtambulisha chura. "Mifupa?"

"Motoni."

"Yote?"

"Yote, Daktari."

Dk. Geua alileta daftari la 2014. Katika kazi hiyo kosa halifutwi. Hukatwa kwa mstari mmoja ili lisomeke, kisha ukweli ukaandikwa pembeni, na tarehe. Sanangke alikata, akaandika "Aliliwa", akatia sahihi. Neno hilo limepinda kwenye karatasi.

Kisha aligeuka kumtafuta Yasing. Yasing alikuwa ameshasimama mbele yake.

"Usiniombe msamaha hapa ukasifiwa na watu," alisema. "Miaka miwili, kaka. Njoo shambani. Utanikuta."

Alikwenda kesho yake. Yasing alimpa mti wa kuchimbia, wakachimba viazi hadi adhuhuri, kila mmoja kwenye tuta lake. Sanangke anasema alisema aliyokwenda kusema. Yasing anasema aliyasikia, na kwamba hajaamua.

Gomin hajavuka mto tangu siku ile. Jumamosi Sanangke atampelekea nguruwe, na Zikere amesema hatafuatana naye. Jumatatu timu inapanda mlimani kwa wiki tatu. Yasing atafunga mifuko, na Sanangke atachimba mashimo ya ndoo.