Mgongo Uliokosa Maji

Mtoto wangu alikuwa na miezi mitatu siku niliposhindwa kumuinua. Alikuwa amelala chali kwenye mkeka, analia njaa. Niliinama, nikamshika makwapani, na mgongo ukakataa. Ulijifunga kama mlango unaosukumwa na mtu aliye ndani. Nikabaki pale nimepinda, mikono chini ya mtoto, siwezi kwenda juu wala chini, jasho linadondoka kwenye mkeka. Nilikuwa na miaka ishirini na moja.

Mama mukwe alitoka jikoni akanikuta hivyo. Alimchukua mtoto kwanza. Kisha akanishika kiuno, akanikalisha chini taratibu.

"Weye mutoto wa masomo," akasema, "mugongo yako iko ya karatasi."

Wakati ule nilikuwa bado sijaanza kumjibu.

Nilikuwa nimesoma miaka minne ya sekondari kule Fataki kabla ya kuolewa hapa Bunia, mtaa wa Saio. Bwana yangu ni shofere wa lori. Yeye yuko barabarani wiki tatu, nyumbani siku nne, kwa hiyo niliolewa zaidi na wazazi wake kuliko na yeye. Na kwao kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeniambia kwa mdomo. Niliisoma kwa macho. Muke wa mtoto hanywi wala hali mbele ya baba mukwe, na baba mukwe asimuone akienda chooni.

Sasa, baba mukwe alikuwa amestaafu ukarani. Tangu asubuhi mpaka jua kuzama alikaa barzani kwenye kiti chake, redio pembeni. Choo kilikuwa chini kabisa ya kiwanja, na njia ya kwenda huko ni moja tu, inapita mbele ya barza, karibu ungeweza kumgusa magoti. Kwa hiyo wanawake wa nyumba ile walikwenda chooni kabla hakujapambazuka, halafu tena giza likiingia. Na ili uweze kushinda hivyo, dawa ni moja. Usinywe.

Mimi ndiye niliyechota maji ya nyumba yote. Mara tatu kwa siku nilishuka mtoni, bidoni ya litri ishirini mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso, shingo imekaza kama ya ng'ombe wa kulima. Kiangazi kile vumbi liliingia hata kwenye meno. Nilimwaga maji yale kwenye mapipa, nikapika nayo, nikaosha nayo, nikamwekea baba mukwe ya kuoga. Mimi mwenyewe nilikunywa nusu kikombe alfajiri na nusu kikombe usiku. Mchana nililowesha midomo kwa kidole. Ndiyo, kwa kidole, na maji yako pale.

Nilipozaa, ikawa mbaya zaidi. Mama mukwe alinikanda kwa maji ya moto, akanifunga tumbo kwa kitambaa, akanikataza maji ya baridi siku arobaini. Alisema maji ya baridi yanapanda ku mugongo wa muzazi na kukaa humo. Badala yake nilipewa uji moto, kibakuli kidogo, mzito unasimamisha kijiko. Arobaini zilipokwisha nilirudia nusu kikombe changu na bidoni zangu. Mkojo wangu ulikuwa na rangi ya chai iliyosahaulika motoni. Kichwa kiligonga. Misuli ya kiuno ilikaza kama kamba iliyonyeshewa ikaanikwa. Maziwa yakawa haba, na mtoto akawa ananyonya huku analia.

Na mgongo ulipokataa kabisa, mama mukwe aliniumika. Alinichanja kiunoni kwa wembe, akabandika pembe, akanyonya hewa, akatoa damu. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mwili uliokuwa unalilia maji, wao wakazidi kuukamua. Sisemi alikuwa na moyo mbaya. Alikuwa anapuliza michanjo ile kwa pumzi yake ili isiniwashe. Lakini nasema nilivyoona.

Mara ya tatu iliposhindwa, akakaa kando yangu, mtoto mapajani mwake, akaongea bila kunitazama.

"Wifi yako wa Aveba ananyonyesha. Maziwa yake mingi, mugongo yake nguvu. Vendredi lori ya soko ikipita, mutoto ataenda kule."

"Kwa siku ngapi, mama?"

"Mupaka atakapotembea."

Mpaka atakapotembea! Atembee kwenda kwa nani? Angerudi kwangu ananiita shangazi.

Vendredi ni Ijumaa, na siku ile ilikuwa Jumanne. Asubuhi ya Jumatano nilimwambia nakwenda dispanseri, kwa mguu, hata kama nitatambaa. Akafunga mtoto mgongoni mwake, akanifuata. Tulikuwa kitu cha kuchekesha barabarani, mimi nimepinda kwa uzazi, yeye amepinda kwa miaka. Mwanamke mmoja muuza ndizi akatuita, "Mumepoteza nini, wamama? Tuwasaidie kutafuta?"

Infirmye, muuguzi wa pale, alikuwa mzee wa blauzi nyeupe ya kazi, iliyofuliwa mpaka ikawa nyembamba. Alinigonga uti wa mgongo pingili kwa pingili, akaniinua mguu mmoja, halafu mwingine, akauliza kama unakufa ganzi. Haukufa. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alinifinya ngozi ya mkono, akaiachia, akaitazama ikibaki imesimama kama tuta.

"Sitwayene," akaniita, yaani raia, kama serikali ilivyoamuru tuitane siku zile, "unakunywa maji kiasi gani ku siku?"

"Anakunywa uji," mama mukwe akadakia.

"Nimeuliza mwenye mugongo."

Nikasema. Nusu asubuhi, nusu usiku. Akauliza nachota kiasi gani. Nikasema bidoni tatu. Akaweka kalamu chini.

"Bwana yako anafanya kazi gani?"

"Shofere."

"Lori yake ikikauka maji mu radiatere, anafanya nini? Anaipiga fimbo? Anaongeza mizigo?"

Mama mukwe akakaza fundo la kitenge alichombebea mtoto.

Yule mzee akachukua maboksi ya vidonge, akayapanga moja juu ya lingine, na katikati ya kila mawili akaweka pamba iliyoloweshwa. Akasema mifupa ya mgongo imepangana hivi, na kati ya mfupa na mfupa kuna kitu laini kilichojaa maji. Mchana ukisimama, ukibeba, kile kitu kinakamuliwa. Ukilala kinanyonya tena, lakini kinyonye nini kama mwili wote ni mkavu? Na misuli nayo ikikosa maji inakaza na kuuma. Na unayenyonyesha, mutoto anachukua yake kwanza.

"Ila musisikie vibaya," akaongeza. "Maji si uchawi. Hautakunywa leo, kesho ukaruka. Unywe siku nzima, kidogo kidogo, iliyochemshwa. Uache bidoni kubwa, chukua ndogo. Ukiinua kitu, kunja magoti, usivunje kiuno. Mchana lala kidogo, upumzishe mifupa. Na siku mguu ukikufa ganzi, ao ukishindwa kuzuia mukojo, urudi hapa mbio."

Nilitoka pale nimejaa hasira. Nilikuwa nimejifunza kitu kile kile shuleni. Mwaka wa tatu nilisimama mbele ya darasa nikachora uti wa mgongo ubaoni kwa chaki, pingili zote, na zile sahani laini katikati, mwalimu akanisifu. Nilijua. Nilibeba bidoni za maji nikiwa najua, nikalowesha midomo kwa kidole nikiwa najua, kwa sababu nilitaka watu waseme muke huyu ana heshima. Hasira ile ya kwanza ilikuwa juu yangu mwenyewe. Ya pili ilikuja njiani.

"Sasa utakunywa muchana?" mama mukwe akauliza.

"Nitakunywa."

"Na kule chini utaenda? Muzee atakuona."

"Aone."

"Siye wote tulivumilia, binti yangu. Mama yake muzee alivumilia. Miye nilivumilia."

"Ndiyo," nikasema, "na leo unatembea ukihesabu vidole vya miguu yako."

Nilisikia neno lile likitoka na sikuweza kulirudisha. Yeye alikuwa amembeba mtoto wangu. Aliendelea kutembea, macho chini, kwa sababu mgongo wake haukumpa mahali pengine pa kutazama.

Baba mukwe alikuwa barzani, redio inaimba. Niliingia jikoni, nikachota maji yaliyochemshwa jana, nikajaza kopo kubwa la maziwa ya unga, nikatoka nalo uani. Nilisimama mahali ambapo hawezi kusema hakuona. Nikanywa. Nilikunywa taratibu kwa sababu koo lilikuwa limesahau, maji mengine yakapita kidevuni. Yeye akageuza uso kuelekea ukutani kama mtu aliyemkuta mwanamke uchi. Nikajaza tena. Na baadaye mwili ulipodai, nikashuka ile njia, mchana kweupe, mkono mmoja kiunoni, mbele ya magoti yake. Sijawahi kutembea safari ndefu kama ile.

Nilipokuwa narudi nikamsikia.

"Nyumba hii imeingiliwa na nini?"

Nilifungua mdomo, lakini mama mukwe alikuwa ameshajibu kutoka mlango wa jiko.

"Kiu, muzee. Ni kiu tu."

Baba mukwe akaongeza sauti ya redio.

Lakini Ijumaa haikungoja mtu apone. Nilikuwa nimekunywa siku mbili. Kichwa kiliacha kugonga, mkojo ukaanza kupauka kama chai iliyoongezwa maji, ila mgongo ulikuwa bado unanishika. Nilijaribu kumuinua mtoto asubuhi ile, kwa magoti kama nilivyofundishwa, nikafika nusu nikarudi chini. Mama mukwe aliniona. Nguo za mtoto zilikuwa tayari zimefungwa kwenye kitenge, karibu na mlango, tangu Jumanne.

Lori la soko lilipiga honi barabarani. Nikalala kwenye mkeka, nikamzungushia mtoto mikono yote miwili. Nilikuwa nimeamua kwamba atakayemtoa pale atatutoa wawili, na kwamba nitauma. Sisemi kwa mfano.

Honi ikalia tena. Mama mukwe akatoka. Nilimsikia akibishana na mtu wa lori.

"Mama, tunachukua mutoto ao hatuchukui? Soko haitatungoja!"

"Muende. Mutoto iko na mama yake."

"Ulisema mama yake anagonjwa."

"Nilisema. Sasa nasema muende. Ama unataka kumunyonyesha weye?"

Watu wa kwenye lori wakacheka. Mashine ikanguruma, ikashuka barabara.

Akarudi, akafungua kitenge, akazitoa zile nguo moja moja, akazirudisha kambani. Kisha akaja akapiga magoti kando yangu, kwa shida, mkono mmoja ukutani. Akamuinua mtoto, akamweka kwenye titi langu.

"Mupaka upone," akasema, "miye nitakuwa nakuinulia."

Aliniinulia siku kumi na tisa. Mgongo ule uliopinda ulishuka na kupanda mara ngapi kwa siku, sijui, kila mara mtoto alipolia. Nilitaka kumwomba msamaha kwa neno la njiani, na sikumwomba, kwa sababu hasira ilikuwa bado inahitaji mahali pa kukaa. Siku ya ishirini nilimuinua mwenyewe. Niliogopa, lakini nilimuinua.

Mtoto sasa ana miaka minne na anakwenda kwa mguu popote anapotaka. Baba mukwe hakuwahi kunisemesha juu ya jambo lile, wala hakuhamisha kiti. Mimi napita mbele yake mara tano, mara sita kwa siku, namsalimia kila ninapopita, na yeye anaitikia akitazama redio. Wakati mwingine mgongo unanikumbusha, hasa nikijisahau kiangazi.

Wa mama mukwe haukunyooka. Infirmye alisema mifupa yake imeshaamua. Lakini alisema pia maji yatamsaidia kwa misuli inayomkaza usiku, na mimi nilishika neno hilo. Kila mchana nampelekea kopo nyuma ya jiko. Anakunywa kidogo, anachungulia upande wa barza, anapima umbali kwa macho, ananirudishia.

"Inatosha," anasema.

"Haitoshi, mama. Kunywa."

"Weye utaniua na aibu."

Nasimama pale na kopo mkononi. Siondoki mpaka liishe, na yeye anajua siondoki, na kila siku tunagombana.