Kanisa Kuu la Maboksi

Sisi tuliokulia kwenye maghorofa ya Albert Park, mtaa wa wahamiaji ughaibuni, kabla simu za kugusa hazijawa walezi wa watoto, tulijua kununiana ana kwa ana. Mimi na Zuhura tulikuwa na miaka kumi na moja. Mama yangu, mlokole kutoka Bukavu, alisuka nywele saluni. Baba yake, Muislamu wa Tanga, alitengeneza simu kwenye kona ya saluni hiyohiyo, iliyonuka mafuta ya nazi na waya ulioungua.

Mwalimu akatuagiza tutengeneze mfano wa kanisa kuu la kale kisiwani Kupro. Wakristo walilijenga, kisha Waturuki wa Osmani wakauteka mji, wakaondoa sanamu, wakaongeza mnara, likawa msikiti mpaka leo. Tukaokota maboksi ya nywele za bandia, tukayaunga kwa gundi ya mama. Tukakubaliana: msalaba mbele, mnara pembeni. Tukaliacha saluni likauke.

Kesho yake mnara haupo. Zuhura akaninunia. Tukabandika mwingine, tuliporudi kutoka shule, msalaba haupo. Nikanuna mimi. Wiki nzima ikawa hivyo, hadi sisi tuliozoea kugawana andazi moja tukaacha kusemezana.

Alhamisi nikajificha nyuma ya pazia la kuoshea nywele nimkamate Zuhura. Nikamkuta keshajificha humo, ananisubiri mimi. Kabla hatujafinyana, mama akaja ananyata, akang'oa mnara, akautia kifuani ndani ya blauzi. Hajafika mlangoni, Baba Zuhura naye akaja na bisibisi, akabandua msalaba taratibu kama anafungua simu ya mteja.

Zuhura akafungua pazia. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nilikuwa naangalia kama umekaza."

Mama akageuka. "Eish, na miye vilevile. Mnara ilikuwa inainama, nilitaka kuitengeneza."

"Mama," nikasema, "ncha yake inaonekana."

Tukawapa gundi. Kila mmoja akarudisha alichong'oa, wakashikilia mpaka ikakauka, hawatazamani. Darasani mwalimu alisifu jinsi jengo lilivyoshikamana.

Siku hizi binti yangu akipewa kazi kama ile, anachapisha picha dakika mbili, na akigombana na rafiki yake wanatumiana vikatuni vya kununa, kila mtu chumbani kwake. Nikimsimulia habari ya maboksi, ananionea huruma. Na mimi namwonea. Hajawahi kumfumania mzazi wake hata mara moja.