Mfano wa Mkwe Wangu

Laiti ningekataa pale vijana wa Matombo wanaopandisha wageni mlimani waliponiomba niwafundishe Kiingereza. Nilikubali kwa majivuno ya kuwa nimesoma sekondari.

Somo lilikuwa kuelezea watu walivyo: mtu anayeweza, anayelazimika, asiyepaswa. Ukungu wa Uluguru ulishuka hadi barazani, karafuu zilizoanikwa zikanukia, nami nikawa kama naota kwa sauti. Mtani wangu alipopita njiani, nikamtumia kama mfano, kwa Kiswahili: mwanamke asiyeweza kupita bila kunichokoza.

“Na wewe mzee usiyeweza kunyamaza,” akajibu, tukacheka.

Nikanogewa. Utani ule nikauvusha hadi kwa mkwe, baba wa mke wa mwanangu, mtu ambaye kwetu hataniwi. Nikasema kwa Kiingereza kwamba mkwe wangu ni mtu asiyeweza kuondoka chakula kikinukia.

“Tafsirini,” nikaamuru. Wakatafsiri wote pamoja, kwa sauti.

Ukungu ulipopisha, mkwe alikuwa amesimama uani, mkungu wa ndizi begani.

“Hizi nilikuletea, mkwe,” akasema, akautua taratibu. “Sikuja kula.”

Hajarudi. Kahawa tuliyozoea kunywa pamoja kila jioni, sasa nakunywa peke yangu. Nimempoteza rafiki pekee niliyekuwa nimebaki naye.